Ngoma, Kiwanja na Tamasha: Kutoka Bweranyange Hadi Mitaa ya Kampala

Mwezi Novemba 1861, Speke na Grant walipofika Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, Rumanyika aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri. Jambo hili hutajwa mara nyingi na wanahistoria wa lugha yetu, na si ajabu, kwani wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kupiga kambi Kafuro, si mbali na hapo. Lakini katika masimulizi yayo hayo ya Speke imo habari nyingine isiyopewa uzito unaoistahili. Mwezi ulipoandama, ngoma kubwa kwa ndogo zilipangwa safu mbele ya mfalme, zikapigwa kwa kishindo, na wakuu wake wakajitokeza kula kiapo cha utii.

Katika Kinyambo, *engoma* ni chombo kinachopigwa na vilevile ni ufalme wenyewe. Kwa hiyo uwanja ule haukuwa mahali pa burudani tu. Hapo ndipo dola ilipoonekana na kusikika. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Kiswahili, ambacho ngoma yake ni chombo, uchezaji na shughuli nzima, hakikuirithi maana ile ya ufalme.

Neno *tamasha* nalo lina safari yake. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na maana yake ni kutembea. Kwa Kiajemi likawa ni kutembea kwa ajili ya kutazama. Sisi tumelifunga ndani ya ukuta. Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, limejulikana zaidi kwa majukwaa yake ndani ya Ngome Kongwe, ambako mtu huingia kwa tiketi. Silidharau hata kidogo. Hata hivyo, karibu na Karagwe zaidi, tamasha la KLA ART la Kampala lilifanya jambo la namna nyingine. Mwaka 2012 makontena 12 ya mizigo yaliwekwa sehemu mbalimbali za jiji, yakawa nyumba za kazi za wasanii. Mwaka 2014 bodaboda zenyewe zikageuzwa kazi za sanaa na kupita mitaani. Mpita njia, aliyekuwa akienda sokoni tu, akajikuta mtazamaji. Neno lilirudia maana yake ya kale bila mtu yeyote kukusudia.

Mwaka huohuo wa 2012 Kyerwa iligawanywa kutoka Karagwe ikawa wilaya. Wilaya mpya huleta ofisi, maduka na upimaji wa ardhi. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. *Kiwanja* kilikuwa mahali pa wazi pa kukutania na kuchezea. Leo ni kipande cha ardhi kilichopimwa, chenye namba, cha kuuzwa na kujengwa. Omurushaka, mji ulionawiri kandokando ya barabara itokayo Kyaka, bado jina lake lina kiambishi *omu-* cha mahali ndani na neno la kichaka. Kichaka hakipo, jina lipo. Lakini mtu akitaja kiwanja mjini humo, au Kayanga, msikilizaji huuliza kwanza kina hati au hakina.