Dakika ya 83

Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Jumatano ya tarehe 21 Novemba 2018 habari zilifika Temeke kwamba Didier Drogba ametundika daluga akiwa na umri wa miaka 40. Mzee wa Banda akatangaza kwamba Jumamosi, baada ya mechi ya Chelsea na Tottenham, hakuna atakayeondoka: mashabiki wote wabaki kumuaga straika wao, kila mtu na bao lake moja. Tottenham walitupiga 3-1 pale Wembley. Mzee wa Banda akafungua dimba kwa bao la fainali ya Kombe la FA mwaka 2007, Drogba alipowamaliza Manchester United zikiwa zimebaki dakika chache za muda wa nyongeza. Kabla hajakaa, mlango ukafunguliwa. Aliingia mama yangu, ambaye tangu Kaka apotee mwaka 2012 hakuwahi kukanyaga kibanda umiza kile. Mkononi alikuwa na mfuko mweusi. Akasema, "Hata mimi nina bao langu."

SASA ENDELEA

Kondakta ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alipangusa benchi la mbele kwa kofia yake, akasogea pembeni.

"Shikamoo, Mama. Karibu ukae hapa."

"Marahaba, mwanangu. Endeleeni na mliyokuwa mkiyasema. Langu ni la mwisho."

Mzee wa Banda alikuwa amesimama karibu na runinga, rimoti mkononi. Alimtazama Mama, akautazama ule mfuko, kisha akageuza uso bila kutamka neno. Mzee yule humkaribisha hata mtoto aliyekuja kuomba maji. Nilidhani ni uchungu wa mabao matatu ya Tottenham.

Mabao yakaendelea. Fundi cherehani alichagua lile la Camp Nou, Oktoba 2006, la dakika za majeruhi, matokeo yakawa 2-2 na Barcelona. Mvuvi wa Feri akachagua la Liverpool, Septemba mwaka huohuo: mpira ukaja, Drogba akautuliza kifuani huku amelipa lango mgongo, akageuka na kuachia kombora la mguu wa kushoto kabla mpira haujagusa majani. Mvuvi aliinuka kuonyesha jinsi alivyogeuka, akamkanyaga muuza chipsi. Muuza chipsi hakujali; yeye alikuwa na bao lake la Goodison Park, lililopigwa kutoka mbali Everton wakalala 3-2.

Ikafika zamu ya fundi simu, benchi la nyuma kabisa. "Nipisheni," alisema, "nitafuata." Tukampisha.

Kondakta akasimama.

"Mnanijua. Mimi ni Arsenal tangu nikiwa mtoto, na nitazikwa Arsenal. Nimekuja kwa sababu huyu mtu alinitesa kuliko mtu yeyote duniani, na mtu wa namna hiyo huwezi kumuacha aondoke bila kumpa mkono. Tarehe 25 Februari 2007, Cardiff, fainali ya Kombe la Ligi. Walcott katufungia, kijana mdogo kabisa, nikaruka. Drogba akasawazisha. Dakika ya 84 Robben akamimina krosi, Drogba akapanda hewani. Nilikuwa nimekaa hapo hapo alipokaa Mama. Sikuungoja mpira uingie. Nilifumba macho, kwa sababu nilikwisha jua."

Nimewasikia wachambuzi wengi wakimweleza Drogba kwa takwimu: mabao 164 katika mechi 381 za Chelsea, paundi milioni 24 walizolipa mwaka 2004 kumtoa Marseille. Hakuna aliyenieleza vizuri kuliko kondakta yule wa daladala. Ukitaka kumjua mshambuliaji, muulize aliyefungwa.

Mwalimu alipanda kwenye zamu yake na kitu ambacho hakikuwa bao. Mzee wa Banda alitaka kumkatalia, sisi tukamtetea.

"Oktoba 2005," alisema Mwalimu, "Ivory Coast wamewafunga Sudan 3-1 kule Omdurman. Kwa mara ya kwanza wamefuzu Kombe la Dunia. Nchi yao imegawanyika vipande viwili, kaskazini kwa waasi, kusini kwa serikali. Wachezaji wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, kamera zinawaka, Drogba akashika kipaza sauti, akawaambia wenzake wapige magoti. Wakapiga wote. Akawaomba ndugu zake waweke silaha chini. Mwaka 2007 timu ikaenda kucheza na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi wenyewe. Wakashinda 5-0. Najua vita havimalizwi na mpira, na pale kwao mwaka 2010 damu ilimwagika tena. Lakini nimefundisha uraia miaka mingi, na sijawahi kuwa na somo zuri kuliko lile."

Nami nasema wazi: kama ningelazimika kubaki na kitu kimoja tu cha Drogba, ningeacha mabao yote nikabaki na magoti yale.

Lakini nilipoitwa mimi sikuwa na uhuru wa kuchagua. Kila mtu mle ndani alijua bao langu ni lipi. Nilimtazama Mama. Akatikisa kichwa kuniruhusu.

"Tarehe 19 Mei 2012," nikasema. "Munich."

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Jenereta la Mzee wa Banda ndilo pekee lililokuwa likiunguruma, kwa hiyo tulisongamana hadi wengine wakaning'inia madirishani. Bayern walikuwa kwenye uwanja wao wenyewe, Allianz Arena. Sisi nahodha Terry hatunaye, ana adhabu ya kadi. Walitushambulia tangu dakika ya kwanza. Walipata kona ishirini. Nilikaa bega kwa bega na Kaka, naye amevaa jezi yake ya bluu, namba 11, aliyoinunua Kariakoo kwa mshahara wake wa kwanza wa upakuzi. Asubuhi ya siku ile kola ilikuwa imechanika, nikamshonea mwenyewe kwa uzi mwekundu kwa sababu wa bluu nyumbani haukuwepo.

Dakika ya 83 Müller akafunga kwa kichwa. Kaka akasimama. Hakulia, hakutukana. Alinishika bega akasema, "Nakuja, mdogo wangu." Akapenya katikati ya watu. Nilikuwa na hasira, sikugeuka kumtazama anakwenda wapi.

Dakika tano baadaye tukapata kona. Ndiyo ya kwanza kwetu tangu mpira uanze, na haikuja nyingine. Mata akaipiga. Drogba alikimbilia nguzo ya karibu akampita beki, akaupiga mpira kwa kichwa kwa nguvu; Neuer aliugusa tu kwa mkono, haukuzuilika. Moja kwa moja.

Nilipanda juu ya benchi kumtafuta Kaka. Benchi likakatika. Nilianguka kifudifudi nikiita jina lake.

Yaliyofuata mnayajua. Muda wa nyongeza, Drogba huyohuyo akamwangusha Ribéry ndani ya eneo la hatari, na tukaona kwamba shujaa wetu ametuua kwa mguu wake. Čech akaipangua penalti ya Robben. Tukaenda kwenye matuta. Mata wetu akakosa. Kisha akakosa Olić. Kisha Schweinsteiger akagonga mwamba. Penalti ya mwisho akaifuata Drogba. Hatua chache tu, kipa akaenda upande huu, mpira ukaenda upande ule. Saa sita za usiku zilikwisha pita. Mtaa mzima ulilipuka gizani.

Kaka hakurudi. Asubuhi Mama alifungua kisanduku cha kikoba cha akina mama wa mtaa, alichokabidhiwa yeye kukitunza, akakuta kitupu. Shilingi laki nane na nusu. Watu wakajumlisha moja na moja. Tangu siku ile Kaka akaitwa mwizi, na Mama akauza cherehani yake, akakaanga vitumbua hadi akalipa shilingi ya mwisho.

Nilipomaliza, banda zima lilikuwa kimya. Mama akasafisha koo.

"Mimi bao langu sikuliona," alianza. "Tarehe 4 Januari 2010 Ivory Coast walikuja kucheza na Taifa Stars hapo Uwanja wa Taifa, wakiwa njiani kwenda Angola kwenye Mataifa ya Afrika. Nilikuwa nje ya geti na beseni la karanga. Mwanangu mkubwa nilimpa hela ya tiketi, hela ya unga ile. Nikasikia watu wanaguna, halafu nikasikia makofi. Nikajua tumefungwa, lakini makofi sikuyaelewa. Alipotoka aliniambia, 'Mama, katufunga yeye Drogba, moja bila. Lakini nimemwona kwa macho yangu.' Njia nzima hadi nyumbani akawa ananionyesha: alisimama hapa, mpira ukatoka kule. Watu wanatushangaa barabarani. Sijawahi kumwona mwanangu ana furaha kama siku ile. Hilo ndilo bao langu."

Kondakta aliinamisha kichwa. Mvuvi akafuta uso kwa kiganja.

"Sasa," Mama akasema, "nimeletewa kitu."

Akafungua mfuko mweusi, akatoa jezi. Ya bluu, namba 11, imefuliwa na kupigwa pasi. Watu wakaguna kwa upendo; walidhani ni kumbukumbu aliyoitunza kabatini miaka yote.

Mimi nilisimama. Niliiendea nikageuza kola. Uzi mwekundu ulikuwepo, mishono yangu mibaya ileile.

"Mama, hii aliivaa usiku ule."

"Najua."

"Umeipata wapi?"

"Leo alfajiri nimeikuta imefungwa kwenye kitasa cha mlango. Ndani yake kulikuwa na karatasi." Akaichomoa kwenye kanga, akampa Mwalimu. "Soma wewe, baba. Mimi nimeshaisoma, sauti hainitoki."

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma:

"Mama, shikamoo. Nimesikia Drogba amestaafu. Na mimi nimechoka kujificha. Mwambie mdogo wangu sikuondoka kwa sababu ya Müller. Bao la dakika ya 88 nililiona lote, tangu Mata anaweka mpira kwenye kona. Nikamwona na yeye anapanda juu ya benchi, benchi likakatika, akaanguka kifudifudi akiniita. Nilitaka kumjibu nikazibwa mdomo. Fedha za kikoba sikuchukua. Muulizeni mwenye ufunguo."

Mwalimu akairudia mara ya pili bila kuombwa. Mimi nilikuwa nikihesabu kichwani. Mtaa wote ulikuwa gizani. Palikuwa na runinga moja tu inayowaka. Na anguko langu lisingeonekana kutoka nje, kwa sababu madirisha yalikuwa yamejaa watu. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu angeweza kuiona runinga na mabenchi kwa pamoja, naye asionekane: stoo ya pembeni, inapokaa mafuta ya jenereta, ambayo ukuta wake ni mbao zenye nyufa. Mlango wa stoo una kufuli. Ufunguo wa kufuli lile Mzee wa Banda huuvaa shingoni kwa kamba ya katani, tangu tukiwa watoto.

Wote tuligeuka kumtazama.

Hakukimbia. Aliweka rimoti juu ya runinga, akaivua ile kamba shingoni, akaja kuiweka mapajani mwa Mama.

"Dada yangu," alisema, "nisamehe. Ni mimi niliyemfungia. Ni mimi niliyemziba mdomo."

"Kwa nini?" Mama aliuliza.

"Kwa sababu aliingia stoo akaniambia amemwona mtu aliyebeba zile fedha, amemfuata hadi hapa, na mtu huyo ameshajua kwamba ameonekana. Alikuwa na kisu, amekaa humu humu ndani, anangoja watu watoke. Ningemwachia mwanao apige kelele, angekufa mbele ya macho yenu. Alfajiri nikampakia kwenye lori la Tunduma. Nikaapa kunyamaza hadi yeye mwenyewe atakaposema."

"Na mtu huyo?" nikauliza mimi. "Yuko wapi?"

Mzee wa Banda akaunyoosha mkono, akaufunga mlango wa mbele kwa komeo.

"Hajawahi kuhama mtaa huu," alisema. "Na usiku wa leo amekuja kumuaga Drogba."

Msomaji wangu, rudi juu uhesabu. Kati yetu sote tuliokuwa ndani ya banda usiku ule, ni mtu mmoja tu ambaye alikuwa bado hajasema bao lake.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO