Usumaku wa Kale katika Mawe ya Kericho

Chini ya udongo mwekundu wa mashamba ya chai ya Kericho kuna jiwe gumu liitwalo fonolaiti, jina la asili ya Kigiriki, kwa kuwa bapa lake hulia likigongwa. Lilitoka ardhini kama lava katika zama za Miosini. Lava ilikuwa imekwisha kuganda ilipopoa na kushuka chini ya nyuzi 580 za Selsiasi, na hapo ndipo madini ya magnetaiti yaliyomo ndani yake yaliposhika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati ule. Chembe za madini hayo hazikusogea, kilichoelekea kaskazini ni usumaku wake.

Usumaku huo uliobaki jiweni tuuite usumaku masalia. Elimu ya kuusoma ndiyo usumaku wa kale. Paleomagnetizimu nayo inaandikika, ila mwanafunzi wa Litein, huku Kericho, hataambulia kitu humo.

Kipande cha gamba la dunia kikijigeuza, mawe hugeuka nacho, na kaskazini yao ya zamani hupotoka. Pembe ya upotofu huo ndiyo kipimo cha mgeuko. Nasema mgeuko, maana mzunguko humfanya msomaji afikirie duara zima. Karibu na ikweta, kama Kericho na Bomet, usumaku masalia hulala karibu bapa, na pembe husomeka vizuri. Jiwe linaloelekea kusini lisikutishe: uga wa dunia wenyewe umewahi kupinduka mara nyingi, mara ya mwisho miaka 780,000 hivi iliyopita.

Adui mkubwa huku ni radi. Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe na ngurumo, na umeme ukipiga mwamba ulio wazi huutia usumaku mpya juu ya ule wa zamani. Ndiyo maana ni heri kutoboa sampuli kwenye ukuta mpya wa machimbo kuliko kileleni, na kuziwekea alama ya upande kwa dira ya jua, kwa sababu jiwe lenye sumaku huidanganya dira ya kawaida. Maabara huzipasha moto hatua kwa hatua hadi usumaku wa juujuu uondoke.

Je, Kericho imegeuka? Iko juu ya bamba dogo la Victoria, kipande cha gamba la dunia kilicho kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha bamba hilo likijigeuza kinyume na mwendo wa mishale ya saa, na mwaka 2020 Anne Glerum na wenzake walieleza sababu: mpangilio wa sehemu ngumu na dhaifu za gamba la dunia. Lakini kwa kasi ya sasa, miaka milioni 10 haitimizi hata uzi 1, ilhali usumaku wa kale huwa na shaka ya nyuzi kadhaa. Djibouti ni habari nyingine: lava za huko zimegeuka nyuzi 11 hivi katika muda usiozidi miaka milioni 2, na mawe yenyewe yakatoa ushahidi.

Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha shule asiseme usumaku wa kale umethibitisha mgeuko wa bamba la Victoria. Hiyo ni kazi ya setilaiti.