Matuta ya Chuma: Historia ya Njia za Kikataji na Istilahi Zake

Miongoni mwa fani zinazowasumbua watafsiri wa vitabu vya ufundi ni ile ya kuchonga chuma kwa mashine zinazoongozwa kwa namba. Ugumu wake hautokani na uhaba wa maneno, bali na mazoea ya kulibebesha neno moja, 'njia', dhana tatu zilizo mbalimbali. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi dhana hizo zilivyozaliwa, na kwa nini hapana budi kila moja ipewe jina lake. Mfano wetu ni ile sehemu iliyobonyea kwa mviringo pale nyuso mbili za chuma zinapokutana kwa ndani.

Kwanza tuone sababu ya kuwapo kwake. Mnamo 1913 Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba katika bamba linalovutwa, mkazo kwenye ncha ya tundu huongezeka kadiri ncha hiyo inavyozidi kuwa kali. Ndiyo maana wahandisi huviringa pembe za ndani, kwani pembe kali ndipo ufa unapopenda kuanzia. Lakini mviringo ulioachwa na mifuo mirefu nao hukusanya mkazo. Kwa hiyo kuumalizia vizuri si suala la urembo tu.

Katika miaka ya 1940, huko Traverse City, Michigan, nchini Marekani, John T. Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga lilitolewa kwa nukta 17 tu, na mchoraji aliziunganisha kwa mkono. Parsons alimtaka mhandisi wake, Frank Stulen, atafute nukta 200 kwa mashine za kadi zilizotobolewa, na kila nukta isogezwe nje ya umbo kwa kiasi cha nusu kipenyo cha kikataji. Mafundi waliipeleka mashine nukta kwa nukta. Kati ya mkato na mkato kilibaki kituta kidogo, ambacho kiliondolewa kwa tupa. Hapa dhana mbili zilijitenga: kitovu cha kikataji hupita mahali pamoja, na chuma huguswa mahali pengine.

Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani liliigharimia kazi hiyo, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha hadharani mashine iliyosomeshwa mkanda wa karatasi uliotobolewa. Tokea 1956 kundi lililoongozwa na Douglas Ross chuoni humo lilibuni lugha iitwayo APT, iliyotangazwa mwaka 1959. Katika lugha hiyo mpangaji hakulazimika tena kuhesabu kila nukta. Alitaja nyuso tatu: uso unaochongwa, uso unaokiongoza kikataji na uso unaokikomesha, kisha akaamuru kiende kushoto, kulia au mbele. Hivyo uchaguzi wa njia ulitoka mkononi mwa fundi ukaingia katika maneno. Tangu hapo kosa la neno limekuwa kosa la chuma.

Uchaguzi wenyewe ukoje? Tuchukue kona ya sakafu na ukuta, iliyonyooka kama mtaro, yenye mbonyeo wa nusu kipenyo cha milimita 8, na kikataji chenye ncha ya tufe la nusu kipenyo cha milimita 5. Mikato ikiachana kwa milimita 0.5 na kukatiza mtaro, yaani kupanda na kushuka, tuta linalobaki huwa na kimo cha milimita 0.006 hivi. Mikato ikiufuata mtaro kwa urefu wake, kwa nafasi ile ile, kimo hushuka hadi milimita 0.002 hivi, maana mbonyeo huukumbatia mviringo wa tufe. Tena kila mkato huwa mstari mnyoofu, na mashine haipunguzi mwendo ili kupinda.

Hata hivyo, kufuata urefu peke yake hakutoshi. Mikato ikishushwa kwa kina kilicho sawa, ukutani huwa karibu karibu, na karibu na sakafu hutawanyika. Pale uso unapoinama kwa nyuzi 30 tu, nafasi juu ya uso huwa mara mbili ya kina kilichoshushwa, na tuta huwa takriban mara nne ya lile la ukutani. Afadhali nafasi ipimwe juu ya uso wenyewe. Wala si busara kuchagua tufe linalolingana barabara na mbonyeo ili kazi iishe kwa mara moja: kikataji hugusa eneo kubwa kwa ghafla, kikatetemeka na kuuharibu uso.

Ni dhahiri kwamba mwanafunzi akisoma 'punguza nafasi ya njia' hatajua apime kati ya vitovu, kushuka kwa kina, au juu ya uso. Kwa hiyo tunapendekeza:

Njia ya kitovu: mstari unaopitiwa na kitovu cha kikataji.
Mstari wa mguso: mahali kikataji kinapougusa uso.
Mpito: safari moja ya kikataji tangu kuanza hadi kukoma.
Tuta: chuma kinachobaki kati ya mipito miwili, ukubwa wake ni kimo cha tuta.
Mbonyeo wa kona: mviringo wa pembe ya ndani. 'Kona ya mviringo' haifai, kwani haitenganishi ndani na nje. Ya nje iitwe mbinuko wa kona.

Pengine itasemwa kwamba tuta la mkulima hurundikwa, na hili husazwa. Ni kweli, lakini yote mawili hukaa kati ya mifereji miwili, na yote mawili hupimwa kwa kimo na nafasi. Mwanafunzi aliyewahi kushika jembe ataelewa, pasipo kufafanuliwa, kwamba mifereji ikikaribiana, tuta hupungua. Istilahi yenye kubeba maarifa ya namna hiyo humpunguzia mwalimu nusu ya kazi.