Haichunguziki

Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Mithali 25:3 inaishia kwenye neno moja zito: haichunguziki. Ndivyo ilivyo mioyo ya wafalme, ikifananishwa na kimo cha mbingu na kina cha nchi. Neno hilo nimelisikia mimbarani likitumika kuwafunga watu midomo: mkubwa ana siri zake, sisi tunyamaze. Nalipenda mno, siwezi kuliacha litumike hivyo.

Kiebrania kina maneno mawili hapo, ein kheker: hakuna uchunguzi. Kheker limetoka kwenye kitenzi khakar, na kitenzi hicho kina jasho. Katika Ayubu 28 ni kazi ya wachimbaji madini, wanaoshuka gizani na kuyafuata mawe mpaka mwisho wa mwamba. Sura inayofuata, Ayubu anakitumia kueleza jinsi alivyoishughulikia kesi ya mtu asiyemfahamu kabisa. Kumbukumbu la Torati 13 inakiweka sambamba na kuuliza kwa makini, kabla mji haujahukumiwa kwa uvumi. Waisraeli wa leo wamekipeleka polisi na chuo kikuu: mahojiano ya mtuhumiwa ni khakira, utafiti wa kisomi ni mekhkar. Kwa hiyo anayefanya khakar hapiti juu juu. Anahoji, anapima, anarudia.

Wafasiri wetu walifanya kazi nzuri. Mstari wa 2 una kuchunguza, wa 3 una haichunguziki, na sikio linaunasa mzizi uleule kama ulivyo katika Kiebrania. Sarufi yetu nayo ina la kutufundisha. Kiambishi -ik- kinaeleza kama jambo lawezekana au haliwezekani. Hakitoi ruhusa, wala hakipigi marufuku. Tukisema barabara haipitiki, tunatoa habari za tope. Anayetaka kuwazuia watu huweka kizuizi na bango.

Na mstari wa 2, ambao mara nyingi huachwa, ndio unaoshika mlango. Unasema utukufu wa Mungu ni kuficha jambo, na utukufu wa wafalme ni kulichunguza. Kabla moyo wa mfalme haujaitwa usiochunguzika, mfalme mwenyewe amekwisha kupewa kazi ya uchunguzi. Maneno hayo yalinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, kama 25:1 inavyoeleza. Nawaona kuwa watu waliomjua mfalme kwa karibu, maana mashauri yanayofuata ni ya mtu wa baraza: usijikweze mbele yake, mwondoe mwovu asimkaribie, mtawala hulainishwa kwa subira. Hivyo husema mtu anayemwona mkubwa kila siku, asijue kesho ataamkaje.

Mfano wa Sulemani ndio unaonifunulia mistari hii miwili kwa pamoja. Katika 1 Wafalme 3 aliomba lev shomea, moyo usikiao. Na lev, kwa Waebrania, ni mahali pa kufikiri na kuamua, si pa hisia tu. Muda si muda wakaja wanawake wawili, mtoto mmoja hai, mwingine amekufa, kila mmoja akimdai aliye hai. Mfalme akaagiza upanga. Wanawake wale hawakujua kama atakata kweli. Mmoja akasema apewe mwenzake mtoto, bora aishi. Mwingine akasema na agawanywe. Kama wangeusoma moyo wa mfalme, wote wawili wangejua la kujibu, na kweli isingetoka. Hapo siri ilitumikia uchunguzi.

Lakini baba yake, Daudi, alikuwa na siri ya namna nyingine. Alimwandikia Yoabu, jemadari wake, barua ya kumwua Uria, akampa Uria mwenyewe aipeleke. Askari yule alibeba kifo chake mkononi, naye moyo wa mfalme wake haukuchunguzika kwake. Kwa Nathani ulichunguzika. Nabii alikuja na kisa cha maskini na mwanakondoo wake mmoja, na Daudi akajihukumu kwa kinywa chake.

Ni kweli kwamba ein kheker hutumika pia kwa Mungu: Isaya 40:28 inasema hivyo kuhusu akili zake. Wapo wanaoona hapo wafalme wakipandishwa karibu na uungu. Sikubaliani nao. Katika Yeremia 17:10 Mungu anajitaja kuwa mwenye kuchunguza moyo, kwa kitenzi kilekile, bila kubagua wa mfalme na wa mchunga mbuzi.

Kuna mstari mwingine ambao kwangu ndio wenye uzito zaidi. Umo katika mkusanyo uleule wa watu wa Hezekia, 28:11: tajiri anajiona mwenye hekima, lakini maskini mwenye ufahamu anamchunguza. Kiebrania ni khakar tena. Kitenzi kilichokuwa utukufu wa wafalme kimekabidhiwa mtu asiye na kiti wala mlinzi, naye anakitumia kwa mkubwa.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapoisikia 25:3 ikisomwa ili watu wasihoji, omba isomwe pamoja na mstari wa 2, kisha mfungue 28:11 kabla ya kufunika kitabu.