Simba wa Fedha wa Abomey

Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York, yumo simba wa mti aliyevishwa fedha. Kiini chake ni mbao iliyochongwa. Juu yake yamepigiliwa mabamba membamba ya fedha, mithili ya ngozi ya pili. Ni kazi ya karne ya 19, ya mafundi wa Kifon wa Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey, katika nchi iitwayo leo Benin.

Mgeni humwona mnyama. Mfon wa zama hizo alisoma maneno. Mfalme wa Dahomey alijichagulia fumbo la kujitapia, na katika fumbo hilo likapatikana jina lake na nembo yake. Glele, aliyetawala tangu 1858 hadi 1889, alijifananisha na mwanasimba atiaye watu hofu tangu meno yake yachomozapo. Baba yake, Ghezo, alikuwa nyati. Mwanawe, Béhanzin, akawa papa, kwani adui yake Mfaransa alitokea baharini. Kwa hiyo sanamu ilikuwa ni ubeti uliochongwa. Wenyeji wa mwambao wetu hawatalistaajabia jambo hili, maana kanga nayo huchaguliwa kwa jina lake.

Fedha nayo ina usemi wake. Ilifuliwa na wahunzi wa kasri, ambao ukoo wa Hountondji ndio uliovuma kwao, na ikapitishwa mbele ya raia katika sherehe ili utajiri wa mfalme uonekane. Lakini utajiri huo uliingia kwa biashara ya bahari, na biashara hiyo, kabla ya kushika mawese, iliuza watu kupitia bandari ya Ouidah. Ausifuye mng'aro wa simba na akumbuke hilo pia. Pwani ya mashariki nayo ina masoko yake ya kukumbuka.

Novemba 1892, jeshi la Wafaransa chini ya Alfred Dodds liliingia Abomey, na Béhanzin akaamuru kasri litiwe moto. Sanamu kubwa za mbao za wafalme hao watatu zilichukuliwa hadi Paris. Zilirejeshwa Benin Novemba 2021, miongoni mwa vitu 26. Simba wa fedha hakuwamo.

Kasrini walikuwako wakariri waitwao kpanlingan, ambao kazi yao ilikuwa kutamka majina na sifa za wafalme huku wakigonga kengele ya chuma. Sanamu na sauti hiyo vilikuwa vipande viwili vya ubeti mmoja. Wanaojadili urejeshaji huhesabu vitu, na ni haki vihesabiwe. Lakini simba asiyetamkiwa fumbo lake hubaki mbao na fedha, awe New York au awe Abomey.