Programu inayohesabu wagonjwa wa Katuba ilianzia kwenye kazi za wanafunzi

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya komini ya Katuba, wauguzi wanafungua makaye yao na kuanza kuhesabu: watoto waliochanjwa, mama waliojifungua, wagonjwa wa malaria, wa kuhara, wa surua. Hesabu inaandikwa kwenye karatasi, karatasi inapelekwa kwenye biro ya zoni ya afya, na hapo mtu anaketi mbele ya kompyuta, ordinatere kama wengi wanavyoiita Lubumbashi, anaingiza namba moja moja. Programu anayoitumia inaitwa DHIS2. Inchi yetu ina zoni za afya 519, na namba zao zinapita humo. Inchi zaidi ya 70 duniani zinaitumia pia.

Watu wakisikia jina kama hilo wanafikiri ni mali ya kampuni kubwa ya Marekani. Hapana. Programu hii ilizaliwa chuoni, na sehemu ya historia yake iliandikwa na wanafunzi waliofanya kazi kwa vikundi, wakitafuta pointi za mtihani kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Zamani kompyuta ilifundishwa kwa mtu mmoja mmoja. Mwalimu anatoa zoezi, mwanafunzi analitatua peke yake, anapewa pointi, karatasi inatupwa. Mwezi wa 10 mwaka 1968, wataalamu karibu 50 walikutana Garmisch, mji mdogo wa Ujerumani, kwa mkutano uliodhaminiwa na kamati ya sayansi ya NATO. Malalamiko yao yalikuwa mamoja: programu kubwa zinachelewa, zinakula pesa kupita mpango, na zikifika zimejaa makosa. Walisema kazi hiyo inahitaji uinjinia, kama ule wa kujenga daraja. Jina la uinjinia wa programu likaenea kutoka hapo.

Mmarekani Frederick Brooks alikuwa amesimamia programu kubwa ya kampuni ya IBM, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Alionyesha kwamba ukiongeza watu kwenye kazi iliyochelewa, unaweza kuichelewesha zaidi. Sababu ni hesabu rahisi. Watu 4 wakitaka kuelewana wote, kuna njia 6 za mazungumzo kati yao. Wakiwa 10, njia zinakuwa 45. Kila anayejenga nyumba Katuba anajua jambo hilo: ukileta wasaidizi wanane siku ya mwisho, fundi anaacha tofali anaanza kueleza.

Basi kama shida kubwa iko katika kuelewana, mwanafunzi atajifunza wapi kuelewana akiwa peke yake? Huko Kanada, kwenye Chuo Kikuu cha Toronto, walimu Jim Horning na David Wortman walijaribu njia ambayo mpaka leo inafaa kuigwa. Walieleza habari zake mwaka 1977. Vikundi vya wanafunzi viliandika vipande vya programu, kisha vikauziana kama wafanyabiashara sokoni. Kikundi kilichonunua kilipaswa kuunganisha vipande vya wengine na kuvibadilisha. Aliyenunua kipande kilichoandikwa ovyo aliteseka nacho, na aliyekiandika alikosa wanunuzi. Hakuna somo la ubaoni linaloweza kumfundisha mtu hivyo.

Lakini soko lile lilikuwa mchezo. Hakukuwa na mgonjwa.

Mgonjwa aliingia Afrika ya Kusini. Mwaka 1994, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, serikali mpya ilirithi huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi ya watu, kila upande na fomu zake. Watafiti, kati yao Jørn Braa wa Norwe, walishirikiana na vyuo vikuu vya Cape Town na wafanyakazi wa afya kupanga upya namna ya kuhesabu. Ndipo ilipotengenezwa DHIS ya kwanza, ambayo ilikaa ndani ya kompyuta moja moja bila kutegemea intaneti.

Nyuma ya Braa kulikuwa na desturi ya Norwe. Kristen Nygaard, mmoja wa wawili waliobuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula katika miaka ya 1960, alikwenda baadaye kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya inchi yake. Alishikilia kwamba mtu atakayetumia mashine lazima awe na sauti wakati inapotengenezwa. Kwa masikio ya mji uliojengwa na wafanyakazi wa migodi na reli, wazo hilo si geni hata kidogo, ingawa huku lilichelewa sana kusikilizwa.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kuandika upya programu ile ili ifanye kazi kwenye intaneti. Wengi walioianza walikuwa wanafunzi wa shahada ya pili na wa udaktari. Mwaka 2006 ilianza kutumika India, katika jimbo la Kerala. Hapo ndipo somo na kazi vilipokutana. Chuo kilikuwa na somo la programu zinazoachwa wazi kwa kila mtu, na wanafunzi waliwekwa katika vikundi vidogo kutengeneza vipande vya DHIS2 yenyewe.

Tofauti na zoezi la kawaida ni kubwa. Mwanafunzi hakuanza na karatasi nyeupe. Alikuta maandishi ya ndani ya programu, ambayo wainjinia wanayaita kode, yaliyoandikwa na watu asiowajua, wengine wakiwa Vietnam, wengine India. Ilimbidi asome kwanza. Kisha alipoandika yake, mwingine aliyasoma na kuyakosoa. Si kila kipande kilichoandikwa darasani kiliingia katika programu, na hilo ni sehemu ya kujifunza: kuona kazi yako ikikataliwa kwa sababu mtu mwingine hataweza kuitunza ukishaondoka. Wanafunzi huondoka kila mwaka. Wagonjwa wanaendelea kuja.

Afrika ya Mashariki haikukaa kungoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijiunga na kazi hiyo mapema, na wanafunzi wake wa udaktari walikwenda Oslo na kurudi. Zanzibar, tangu mwaka 2005, wafanyakazi wa afya wa wilaya walikutana kila miezi mitatu, kila wilaya ikionyesha namba zake mbele ya wenzake, na wenzake wakiuliza maswali. Kwa kukosoana hivyo namba zikawa bora, na fomu zikarekebishwa. Kenya iliifikisha DHIS2 kwenye wilaya zake zote mwaka 2011. Kongo ilifuata katika miaka hiyohiyo ya 2010.

Sasa turudi kwenye biro ya Katuba, kwani hapo kuna jambo linalozigusa moja kwa moja familia zilizohama makwao. Kongo ilihesabu watu wake wote kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo, idadi ya wakaaji ni makadirio yanayoongezwa kila mwaka. Programu inachukua makadirio hayo na kugawanya. Tuseme kituo kinatazamiwa kuchanja watoto 40 kwa mwezi. Familia zinafika zikikimbia mapigano, kama zilivyofanya zile za Mitwaba, Pweto na Manono katika miaka ya 2010, na watoto wanakuwa 55. Kwenye kompyuta inatokea asilimia 137.5. Aliye mbali ataona ushindi, au ataona kosa la muuguzi. Dawa ya chanjo, hata hivyo, iliagizwa kwa watoto 40, na wale 15 wa ziada wana majina na mama zao wako kwenye benchi.

Kosa hilo haliko ndani ya kode. Kode inagawanya vizuri kabisa. Kikundi cha wanafunzi kitaliona tu kikienda kuketi karibu na muuguzi.

Na Lubumbashi ina wanafunzi. Kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuna ESIS, shule ya juu ya informatiki ya Wasalesiani, kuna nyingine pia. Wanafunzi wanafanya TP kwa vikundi, ingawa mara nyingi watu watano wana kompyuta moja, mmoja anaandika na wanne wanangoja umeme wa SNEL urudi. Lakini desturi ya TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, imebaki kuwa ya mtu mmoja. Ni wangapi katika inchi hii wameandika TFC juu ya kusimamia wagonjwa wa hospitali fulani kwa kompyuta, wakaitetea mbele ya walimu, wakapongezwa, na hospitali ile ikaendelea na makaye yake? Anayekuja mwaka unaofuata anaanza tena kwenye ukurasa wa kwanza.

Kode ya DHIS2 iko wazi. Kikundi cha Lubumbashi kinaweza kuichukua bila kulipa franga moja, na mwaka unaofuata kikundi kingine kiendelee pale wenzake walipoishia. Biro ya zoni ya afya ya Katuba si safari ya ndege. Swali la kwanza la kumuuliza mtu anayeingiza namba liko tayari: familia zilizofika mwezi uliopita, anaziandika wapi?