Kasiterite iko wapi humu ndani?

Wandugu wasomi, leo sileti siasa. Naleta kadi moja ya kompyuta, ndogo kuliko daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilisomea historia, na historia tuliyofundishwa ilikuwa ya wafalme, mikataba na vita. Hakuna aliyeniambia kwamba hata kipande cha mashine kina tarehe yake, na kwamba ukiiweka kando ya tarehe za kwetu, zote mbili zinaanza kuongea.

Ilikuwa 2014, Walikale-Centre. Mimi na mwenzangu, mtoto wa Masisi upande wa Rubaya aliyesoma informatike Goma, tulifungua sekretaria publiki: kuandika barua, kutoa fotokopi, kupanga TFC za wanafunzi. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya mtumba. Ilitoka Goma, ikavuka ziwa hadi Bukavu, kisha ikapanda lori kwa njia ya Hombo, na wote mnaijua njia ile wakati wa mvua. Ilifika na mikwaruzo tu. Kazi za kuandika iliziweza. Shida ilianza pale watu walipoleta video za harusi na matanga wakitaka tuzikate na kuziunga. Picha ilikuwa inaruka, inasimama, inarudi nyuma, na grupu nje inakunywa mafuta bure.

Mwenzangu aliifungua akanionyesha sababu. Picha za mashine ile zilitoka kwenye bodi kuu yenyewe. Hapakuwa na kadi ya picha. Kulikuwa na chipu ndogo ya picha isiyo na memori yake, inaazima memori ya mashine nzima. Ni kama mtu asiye na shamba anayelima kwenye kipande cha jirani: siku akilima yeye, jirani anakosa pa kupanda.

Hali hiyo nayo ina historia. Kompyuta ya IBM ya 1981 haikuwa na njia ya picha kwenye bodi yake; ilikubidi ununue kadi, moja ya maandishi au nyingine ya rangi. Mwaka 1987 IBM hao hao wakatoa mashine za PS/2 zenye VGA, picha ikiwa imeshaunganishwa kwenye bodi. Halafu michezo ikaja na kutaka nguvu zaidi, watu wakarudi kwenye kadi: Voodoo ya 3dfx mwaka 1996, kisha GeForce 256 ya Nvidia mwaka 1999, kadi iliyoleta jina la GPU midomoni mwa watu. Na mwaka huo huo wa 1999 Intel ikatoa chipu za 810 zenye picha ndani yake, kwa ajili ya mashine za bei ya chini. Sekretaria publiki nyingi za kwetu zimeishi kwa mashine za ukoo huo. Picha inatoka kwenye bodi, inarudi kwenye bodi, kulingana na mfuko wa mnunuzi.

Mwenzangu aliagiza kadi, nayo pia ya mtumba. Ilipofika, yaya wangu alikuwepo. Nawaomba mumshike huyu yaya, maana bila yeye nisingeandika. Mwaka 2007 na 2008 yaya alikuwa anabeba kasiterite kutoka Bisie hadi Njingala. Kilo hamsini kichwani na mgongoni, siku mbili msituni, matope hadi magoti, na kwenye barieri kila mwenye silaha anataka sehemu yake. Minervali yangu ya miaka miwili ilitoka kwenye ule mgongo. Leo akiinama hawezi kuinuka haraka.

Basi tukaweka kadi. Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka utaratibu. Tulizima mashine na kuchomoa waya wa umeme. Mwenzangu akagusa chuma cha sanduku kwanza ili umeme wa mwilini usiue chipu. Akatoa kibati cha nyuma, akaitia kadi kwenye mfereji mrefu wa PCI Express, akasukuma hadi ikalia “kaa!”, akafunga skrubu. Kadi yetu haikuwa na waya wake wa umeme. Ilitegemea mfereji tu, ambao unaweza kutoa hadi wati 75. Kwa grupu yetu ndogo hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

Tukawasha. Ekrani nyeusi.

Mwenzangu akazima, akatoa, akaweka tena. Nyeusi. Mimi tayari nilikuwa nahesabu dola zilizopotea. Halafu akacheka peke yake: waya wa ekrani ulikuwa bado umechomekwa pale pa zamani, kwenye bodi. Akauhamisha kwenye kadi. Bado nyeusi! Mipangilio ya BIOS ilikuwa imeambiwa ianze na picha ya bodi, na mashine ilikuwa inatii. Akarudisha waya nyuma, akaingia BIOS, akaiambia ianze na PCI Express, akahamisha waya tena. Picha ikaja. Ikabaki kuiwekea programu ya kuiongoza kadi, nayo hatukuwa nayo kwa sababu intaneti ya siku ile ilikuwa ya kuomba; tuliipata baada ya wiki kwenye flashi ya mtu.

Lakini kabla ya hayo yote, kadi ikiwa bado mezani, yaya aliishika, akaigeuza, akauliza: “Mdogo, sasa kasiterite iko wapi humu ndani?”

Mwenzangu akamrukia: “Yaya, hapa ni koltani yetu ya Rubaya. Tazama!” Akaonyesha vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama kwenye kadi. Nami nilimwamini, maana sisi wote tumekua tukisikia kwamba koltani yetu ndiyo inaendesha dunia.

Hapakuwa na koltani pale. Niliyajua baadaye nilipoanza kusoma vizuri. Vile vikopo ni vihifadhi umeme vya alumini. Vya tantali, ile metali inayotolewa kwenye koltani, ni vipande bapa vya mstatili, mara nyingi vya njano au vyeusi, vyenye mstari upande mmoja. Ndani yake kuna unga wa tantali uliookwa ukashikana kama sponji, kwa hiyo kitu kidogo kinabeba chaji nyingi na kutuliza umeme karibu na chipu. Kwenye kadi yetu nilivipata vitatu tu.

Na kasiterite? Iko kila mahali. Kila kipande kwenye kadi kimeshikwa na bodi kwa kitone cha risasi ya kulehemu, na kitone hicho ni bati, na bati linatoka kwenye kasiterite. Vitone ni mamia. Ukiondoa bati, kadi inakuwa vumbi la vipande mezani. Walikale ilishinda, ingawa mwenzangu mpaka leo hajakubali.

Kisha nikaona namba. Juu ya chipu paliandikwa 0831. Mwenzangu akaniambia viwanda vingi vinaandika hivyo: mwaka 2008, wiki ya 31. Mwanahistoria akipewa tarehe hawezi kulala.

Mwaka 2008 bati lilikuwa linafanya nini? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Sominki, iliyoanzishwa 1976 na kuchimba bati na dhahabu Kivu na Maniema, ilivunjwa mgongo na anguko la bei ya bati la 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tani moja ya bati ilikuwa kama dola 4,000 tu. Bisie ilianza kuchimbwa wakati huo, 2002, msituni mwetu. Kisha Umoja wa Ulaya ukakataza risasi nyeusi kwenye vifaa vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006. Risasi ya kulehemu ya zamani ilikuwa bati asilimia 63 na risasi nyeusi 37. Ile mpya ni bati zaidi ya asilimia 95, na fedha na shaba kidogo. Yaani kitone kile kile sasa kinataka bati zaidi, kwenye vifaa vyote vinavyotengenezwa kwa soko lile. Sheria hiyo siyo sababu pekee. China ilikuwa inanunua, na wachuuzi wa mabenki walikuwa wanacheza na bei. Ila kufikia katikati ya 2008 tani moja ilikuwa imepita dola 20,000.

Sheria ya afya iliyopitishwa Ulaya, na mgongo wa yaya. Nilipoziona tarehe hizo mbili kwenye karatasi moja nilikaa kimya muda mrefu. Ndege ndogo zilikuwa zinatua kwenye lami pale Kilambo, barabara imegeuzwa uwanja wa ndege, zinapakia mifuko kwenda Goma. Ripoti za Umoja wa Mataifa za miaka ile zinaeleza jinsi Brigedi ya 85, watu waliokuwa Mai-Mai kabla ya kuvaa sare ya serikali, ilivyoshika Bisie na kukusanya kodi zake. Goma walikuwa wamefanya mkutano wa amani Januari 2008. Kabla mwaka kwisha Masisi na Rutshuru ziliwaka tena.

Rubaya nayo ina saa yake. Koltani ilipanda bei kwa ghafla mwaka 2000, wakati viwanda vya simu na vya michezo vilipoogopa kwamba tantali itaisha. RCD, waliokuwa wanatawala Goma tangu Agosti 1998, mwezi Novemba 2000 waliipa kampuni moja, Somigl, haki ya kuuza koltani peke yake nje ya nchi. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Wazee wa Masisi wanakumbuka miezi ile kama sherehe fupi: bia, redio mpya, mashamba yamegeuzwa mashimo. Kisha kimya.

Sasa, je, bati la Bisie limo kwenye kadi yetu? Hapa nakosana na wengi wetu, tena nakosana na mimi wa zamani. Hatuwezi kusema. Kasiterite ilikuwa inaenda Malesia na Thailandi, inayeyushwa pamoja na ya Indonesia na ya kwingine, na ikishayeyuka haina tena kabila wala mkoa. Tantali ni vivyo hivyo, iwe imesafishiwa Ujerumani, China au Kazakhstan. Ule usemi wetu wa “kila simu ina damu yetu” tunautumia mitandaoni juu ya hasira, na hasira ni halali. Ila mimi nikiwa msomi nataka zaidi ya usemi. Nataka bei ya kilo pale Njingala mwezi wa Mei 2008, na bei ya kilo hiyo hiyo London siku hiyo. Ya London imeandikwa. Ya Njingala iko kichwani mwa watu kama yaya, na vichwa vinazeeka.

Nilimwuliza. Alikumbuka bei tatu tofauti, akabishana na mwenyewe, akasema nisubiri amwulize mwenzake waliyebeba naye. Yule mwenzake alikuwa ameshakufa.

Yaliyofuata nayapita haraka, mnayajua. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011, miezi michache baada ya sheria ya Marekani ya Dodd-Frank. Watoto wangapi waliacha shule mwaka ule, kila mmoja ahesabu wa kijiji chake. Kampuni ya Alphamin ilianza kutoa bati Bisie kwa mashine mwaka 2019, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000. Rubaya, ambayo wataalamu wanaihesabia kama asilimia 15 ya tantali ya dunia, iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Machi 2025 Alphamin ilisimamisha kazi kwa muda, na tarehe 19 mwezi huo M23 wakaingia Walikale-Centre. Waliondoka mwanzoni mwa Aprili.

Sekretaria yetu haikubaki na kitu. Ila siku ya kukimbia mwenzangu alifungua sanduku la kompyuta, akatoa kadi, akaifunga ndani ya soksi na kuiweka pamoja na diploma yake. Nilimgombeza: badala ya kubeba unga unabeba hiki? Akasema unga tutaomba, hiki hakuna wa kukuomba.

Yuko Kisangani sasa. Amepata kazi kwa mtu, kwenye kompyuta ya kubeba, picha yake iko ndani ya prosesa na hakuna mfereji wa kuchomeka kadi. Kadi bado iko ndani ya soksi. Juzi yaya alimpigia simu, wakaongea habari za watoto na bei ya mihogo, na kabla ya kukata akamwuliza kama ile kasiterite yake bado anaitunza.